Faili Moja, Bluu Nne

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni mbunifu wa michoro, nipo Mwanza. Nimetengeneza nembo ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ina bluu na rangi ya chungwa. Kwenye skrini bluu inang'aa vizuri sana. Kadi za biashara 500 zikatoka na bluu inayoelekea zambarau. Bango tulichapa duka lingine, bluu ikawa nzito kama nili na chungwa likawa kama tofali la kuchoma. Tukarudia kadi duka lile la kwanza, faili lile lile, bluu ikatoka tofauti na ile ya mara ya kwanza. Fulana ndiyo usiseme. Nimeongeza mwangaza kwenye Photoshop, nimeazima monita nyingine, wapi. Mteja ameanza kusema sijui kazi. Tatizo ni mimi, ni faili, au ni mashine zao?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa maneno ya mteja.

Kwa maelezo yako hapo kuna magonjwa matatu na wewe unayapiga dawa moja. Bluu ya skrini kuwa zambarau kwenye kadi ni ugonjwa wa kwanza. Huo unatokea pale rangi za mwanga zinapogeuzwa kuwa rangi za wino, na ungekupata hata kwenye mashine iliyotolewa kwenye boksi leo asubuhi. Kadi za mwanzo na za marudio kutofanana ni ugonjwa wa pili, na huo unakaa zaidi upande wa duka. Bango na fulana ni wa tatu: wino mwingine, kitu kingine kinachopokea wino, na programu nyingine inayosoma faili lako. Ndiyo maana kila ukiongeza mwangaza unaziba huku kunavuja kule. Acha kwanza kugusa faili. Kabla ya kurekebisha chochote tujue rangi inabadilikia wapi.

Chukua kadi moja ya mara ya kwanza, moja ya mara ya pili, na kipande cha bango kama kipo. Toka nje, simama barazani kivulini kati ya saa nne na saa nane mchana. Jua kali la moja kwa moja halifai, na taa ya ofisini haifai kabisa. Wachapaji wana kiwango chao cha mwanga wa kutazamia kazi, ISO 3664, kinachotaka mwanga unaofanana na mchana wa nyuzi 5000 za Kelvin. Tyubu nyingi za dukani ni 6500, zina ubluubluu, na balbu za manjano za sebuleni zinavuta upande wa pili. Kuna rangi mbili zinazoweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, hasa zikiwa zimetengenezwa kwa wino tofauti. Nimeona ugomvi wa nusu siku ukiisha kwa watu kusogea hatua kumi kwenda mlangoni.

Ukiwa hapo hapo barazani, toa simu yako, washa kamera, vuta karibu kabisa kwenye bluu ya nembo, kisha kwenye chungwa, kisha kwenye maandishi meusi ya namba za simu. Fundi ana kioo chake cha kukuzia, lakini kamera ya simu yenye uwezo mzuri wa kukaribia inatosha. Utaona kwamba hakuna bluu pale. Kuna vidoti vya siani (bluu ya maji) na vidoti vya majenta (waridi iliyokolea) vimelaliana, na jicho ndilo linalovichanganya. Sasa tafuta vidoti ambavyo havikutakiwa kuwepo.

Kwenye chungwa panatakiwa kuwe na njano iliyojaa na majenta, basi. Ukiona vidoti vya siani au vyeusi ndani ya chungwa, na wewe kwenye faili uliandika siani sifuri na nyeusi sifuri, ujue kuna mtu au programu iliyoigeuza rangi yako njiani. Siani kidogo tu, asilimia tano, inatosha kulitia chungwa matope. Hilo tofali lako la kuchoma nalishuku hapo. Kwenye maandishi meusi, kama herufi zina kingo zenye rangi nyekundu au bluu, ina maana weusi wako haukwenda kama wino mweusi peke yake bali ulikwenda ukiwa RGB, yaani rangi za mwanga za skrini (nyekundu, kijani, bluu), na ukavunjwa kuwa wino zote nne: siani, majenta, njano na nyeusi. Photoshop ikiwa kwenye mpangilio wake wa kawaida wa Kimarekani inaugeuza weusi kamili wa RGB kuwa siani 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90. Jumla ni asilimia 300 ya wino kwa herufi ya namba ya simu! Ukiuona ushahidi huo kwenye kadi, huna haja ya kumuuliza fundi faili lilipitia wapi. Kadi yenyewe imeshakwambia.

Sasa twende kwenye zambarau, maana hiyo ndiyo iliyokuanzishia maneno.

Skrini inatengeneza rangi kwa kuwasha taa nyekundu, kijani na bluu. Karatasi haiwaki, inakula sehemu ya mwanga wa jua na kukurudishia iliyobaki. Bluu kali ya skrini haipo ndani ya uwezo wa siani na majenta, hata ukiwa na mashine ya mamilioni. Kwa hiyo programu inatafuta jirani wa karibu. Bluu kamili ya RGB, ile ya 0, 0, 255, kwa mpangilio huo huo wa Kimarekani inakuwa takriban siani 88 na majenta 77. Tazama hizo namba mbili zilivyo karibu. Siani na majenta zikikaribiana, mashine nyingi zinakupa zambarau. Skrini yako inaendelea kukuonesha bluu kwa sababu yenyewe bado ni taa.

Dawa yake ni kuzitenganisha. Kanuni ya mafundi ni kwamba majenta ibaki nyuma ya siani kwa asilimia 30 au zaidi. Lakini usichukue namba kutoka kwangu uende nayo kama aya. Tengeneza ngazi: vibox vitano vya ukubwa wa stempu, vyote siani 100, njano sifuri, nyeusi sifuri, halafu majenta 40, 50, 60, 70 na 80. Fanya ngazi ya chungwa pia: njano 100, majenta 45, 50, 55, 60, 65. Andika namba chini ya kila kibox. Chapa ukurasa huo mmoja kwenye duka lile lile, karatasi ile ile ya kadi, na kama kadi zinawekwa laminesheni, uwekwe laminesheni ile ile. Hilo la laminesheni watu wanalipuuza. Ile ya mati inapunguza ukali wa rangi nzito na bluu inaonekana kama imepigwa vumbi. Ile ya kung'aa inaikoleza. Sampuli isiyo na laminesheni haiwezi kukwambia kadi yenye laminesheni itakuwaje.

Kisha mpelekee mwenyekiti wa kikundi ule ukurasa, siyo skrini. Achague kwa kidole. Akishachagua, asaini nyuma ya kibox kwa kalamu, uweke tarehe. Kuanzia hapo bluu ya kikundi ni ile iliyo kwenye karatasi hiyo. Namba ni njia ya kufika tu.

Hapo ndipo wabunifu wengi tunateleza. Tunadhani siani 100 majenta 60 ni rangi. Ni kama kumwambia mtu atie chumvi vijiko viwili bila kumwambia sufuria ni kubwa kiasi gani. Mashine ya tona (ya unga wa rangi), mashine ya ofseti (ya wino na bamba) na printa ya mabango zikipewa namba hiyo hiyo kila moja itapika chakula chake. Hata majina hayatusaidii. Mwambie mtu "damu ya mzee" Tanga na mwingine Bukoba uone kama watakuletea kitambaa kimoja.

Ugonjwa wa pili sasa: duka moja, faili moja, kadi mbili tofauti. Huu ndio unaoniuma zaidi kwa sababu nimeshausababisha mwenyewe. Miaka hiyo nikiwa nasimamia mashine, nilichapa kadi za harusi 2,000 za damu ya mzee. Nusu nilichapa asubuhi. Umeme ukakatika. Uliporudi usiku nikawasha, nikaendelea pale nilipoishia bila kusawazisha mashine upya, maana nilikuwa nataka kulala. Marundo yote yakachanganywa na kufungwa. Kadi zilipopangwa mezani kwa ajili ya kuandikwa majina, shangazi wa bibi harusi akauliza kwa upole kama wanaoalikwa ni wa daraja la kwanza na la pili. Nilirudia nusu nzima kwa gharama yangu.

Mashine ya tona inategemea chaji ya umeme inayovuta unga wa rangi, na chaji hiyo inabadilika na joto, unyevu, umri wa dramu na kiasi cha kazi iliyofanyika. Ndiyo maana ina zoezi la kusawazishwa: inachapa viraka, inavisoma, inajirekebisha. Duka makini linafanya hivyo kila asubuhi na kila karatasi inapobadilishwa. Duka linalokimbizana na foleni halifanyi mpaka mteja alalamike. Wakati wa masika karatasi iliyoachwa wazi dukani inanyonya unyevu na tona haishiki sawasawa; utaona rangi zilizojaa zikiwa na madoadoa kama ngozi ya chungwa. Halafu kuna lile la trei: fundi anaweka karatasi ya gramu 300 lakini mashine bado imeambiwa ni karatasi ya kawaida. Joto la kuyeyusha tona na nguvu ya kuihamishia kwenye karatasi haviendani na unene, rangi inakuja nyingine. Mwenyewe hana habari. Na wakati mwingine ni jambo dogo zaidi: karatasi ya mwanzo iliisha, wakaweka ya kampuni nyingine. Zote zinaitwa aati kadi gramu 300. Ziweke ubavu kwa ubavu upande usiochapwa: moja ni nyeupe ya kuvutia ubluu, nyingine ina umaziwa. Wino wa kuchapia unapitisha mwanga, kwa hiyo weupe wa karatasi ni rangi ya tano kwenye kazi yako.

Utajuaje ni lipi kati ya hayo bila kubishana na mtu? Kuanzia kazi ijayo weka ukanda wa viraka. Kadi zako zinachapwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa kisha zinakatwa, na pembeni kuna sehemu inayotupwa. Hapo weka mstari wa vibox vya milimita sita sita: siani 100, majenta 100, njano 100, nyeusi 100, siani na majenta pamoja, majenta na njano pamoja, siani na njano pamoja, kijivu cha nyeusi 50 peke yake, kijivu kilichotengenezwa kwa siani 50, majenta 40, njano 40, halafu bluu na chungwa la kikundi. Acha na kibox kimoja kitupu, cha karatasi yenyewe. Mwombe fundi asiitupe sehemu hiyo. Kata ukanda mmoja kila kazi, andika tarehe, weka kwenye bahasha.

Viraka viwili vya kijivu ndivyo mashahidi wakuu. Kile cha rangi tatu kinasimama kwa mizani: siani ikizidi kidogo kinaelekea ubluu, majenta ikizidi kinakuwa na wekundu, njano ikizidi kinakuwa kama maji ya mto. Jicho la mtu ni kali sana kwenye kijivu, kali kuliko kwenye bluu. Kwa hiyo weka ukanda wa mara ya kwanza na wa mara ya pili pamoja. Kama kijivu cha rangi tatu kimehama na kile cha nyeusi peke yake kimetulia, mizani ya mashine imehama. Faili lako lina usafi wake. Kama viraka vyote vinafanana ila nembo ndiyo tofauti, basi mtu kafungua faili akalihifadhi upya, au limechapwa kwa mipangilio mingine, na hapo uchunguze faili. Kama kila kitu kimekolea umanjano pamoja na kibox kitupu, ni karatasi au laminesheni.

Kwa kadi ulizonazo sasa huna ukanda, lakini anza na zile pande tupu za karatasi, kisha vidoti vya kwenye simu. Unaweza kupata nusu ya jibu.

Sasa turudi kwenye maneno yako "faili lile lile". Ulilituma vipi mara ya pili? Ukituma picha ya kawaida kwa WhatsApp inabanwa, na kinachofika kule si kile ulichotuma. Tuma kama hati, au barua pepe, au peleka flashi mwenyewe. Pia uliza fundi alilichapa kutoka wapi. Mara ya kwanza huenda alichapa PDF yako moja kwa moja. Mara ya pili akalifungua ndani ya CorelDRAW ili apange kadi nyingi kwenye karatasi. Corel yake ina mipangilio yake ya rangi, na ikikutana na rangi isiyo na maelezo inaisoma kwa miwani yake. Hapo namba zinaweza kubadilika bila mtu kugusa chochote.

Hayo maelezo ndiyo tunayaita profaili. Ni maelezo yanayoambatana na faili, yanayosema "namba hizi zimeandikwa kwa lugha ya kifaa fulani". Utaratibu wake uliwekwa na muungano wa kampuni za kompyuta na uchapaji, International Color Consortium, ulioundwa mwaka 1993, ndiyo maana zinaitwa profaili za ICC. Kwa picha za skrini lugha ya kawaida ni sRGB. Kwa uchapaji wa Ulaya kwenye karatasi laini utakutana na FOGRA39, kwa Marekani SWOP na GRACoL. Ndani ya programu kuna vitendo viwili vinavyochanganywa sana, hata na watu wa siku nyingi. Kupachika profaili hakugusi namba, kunabadilisha namna zinavyosomwa. Ni sawa na kumwambia mtu bei iliyoandikwa ni ya shilingi za Kenya badala ya za Tanzania. Kugeuza kunabadilisha namba ili muonekano ubaki karibu na ule ule, kama kupeleka hela bureau. Ukipachika pale ulipotakiwa kugeuza, rangi zinaruka.

Kwako wewe, kazi ya nembo na maandishi fanya ndani ya Illustrator au Corel, hati ikiwa CMYK, yaani zile wino nne, tangu mwanzo. Photoshop iachie picha. Kama unatumia Canva, elewa kwamba unachokiona unapobuni ni RGB. Akaunti ya kulipia inakupa PDF ya CMYK, lakini ni yenyewe iliyokuchagulia jirani wa bluu yako, siyo wewe. Ukimaliza, toa PDF ya uchapaji inayoitwa PDF/X-1a ikiwa duka ni la kawaida, kwa sababu aina hiyo hairuhusu RGB kubaki ndani. Kila kitu kiwe CMYK au rangi maalumu (wino uliochanganywa tayari). PDF/X-4 ni nzuri zaidi kwa duka lenye mitambo ya kisasa na mtu anayeijua. Na angalia usiwe na mchanganyiko: nembo ya CMYK imekaa juu ya picha ya RGB yenye bluu "ile ile". Kwenye skrini zinaungana hutaona mshono, zikichapwa mshono unaonekana kama kiraka cha suruali.

Ukiwa Photoshop, bonyeza Ctrl na Y uone makadirio ya kazi itakavyokuwa kwa wino. Shift, Ctrl na Y itakupaka kijivu sehemu zote ambazo wino hauzifiki. Bluu yako ya mwanzo nadhani itafunikwa yote.

Kuhusu monita, hukuwa na sababu ya kuazima. Uliyonayo inatosha kwa kazi hii ukizima ile hali ya usiku inayoipaka skrini umanjano jioni, na ukipunguza mwangaza. Skrini nyingi zinatoka dukani zinawaka mno. Weka karatasi nyeupe kando ya skrini, fungua ukurasa mweupe, punguza mpaka viwili hivyo vilingane kwa macho. Wateja wengi wanaosema "imetoka nyeusi" walipenda kazi kwenye simu iliyowashwa mwangaza wote.

Bango. Pale kwenye printa ya mabango faili lako halichapwi na Corel wala Illustrator, linapita kwenye programu ya kati ambayo mafundi wanaiita ripu. Ripu inachukua namba zako, inazitafsiri kuwa rangi halisi kwa kufuata profaili ya kuingilia, kisha inazitafsiri tena kuwa wino kwa kufuata profaili ya kutokea, ya mashine na turubai hilo. Ndiyo maana chungwa safi la rangi mbili linaweza kutoka na siani ndani yake. Muulize fundi maswali matatu, kwa adabu, ukiwa umesimama pale dukani. Profaili ya kutokea ni ya turubai hili au ya stika? Je, unachapa kwa passi ngapi? Je, leo umeshafanya jaribio la nozeli? La passi lina maana: kichwa cha wino kikipita mara chache kazi inakuwa haraka, lakini profaili iliyotengenezwa kwa passi nane haifai kwa passi nne. Nozeli, vile vitundu vinavyotoa wino, zikiziba upande wa majenta, bluu inakimbilia siani, na upande wa siani ukiziba unarudi kwenye zambarau yako. Lile turubai la plastiki ambalo wenyewe wanaliita fleksi nalo si jeupe kama karatasi. Mengi yana ukijivu fulani, kwa hiyo bluu nzito kama nili haishangazi.

Hapo mwombe akuchapie kipande cha nusu mita chenye ngazi zako zote mbili. Ukichagua kibox kinachofanana na karatasi iliyosainiwa, namba zake zitakuwa tofauti na za kadi. Sawa tu. Hifadhi faili mbili, moja ya kadi, moja ya bango, uzipe majina yanayoeleweka. Ukiwa na faili moja la kila kitu ndiyo utakuwa na bluu nne.

Fulana sitakaa nazo sana. Kama ni za kuchapwa kwa skrini ya wavu (siyo ya kompyuta) na rangi ya kuchanganya kwenye ndoo, peleka ile karatasi iliyosainiwa, fundi achanganye kwa macho. Namba zako hazimhusu. Kama ni DTF, ile ya kuchapa kwenye filamu kisha kubandika kwa joto, kuna tabaka la wino mweupe chini, na likiwa jembamba rangi ya fulana inapenya. Kama ni sablimesheni, ile ya wino unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye kitambaa, inakubali poliesta tu, na rangi unayoiona kwenye karatasi kabla ya kupigwa pasi si rangi ya mwisho. Joto na sekunde ndizo zinazoifungua. Chapa moja, fua mara moja, ndipo useme endelea.

Kwa mteja, mambo mawili. Mueleze mapema kwamba kadi, bango na fulana vitakuwa ndugu, havitakuwa pacha. Hata kiwango cha kimataifa cha ofseti, ISO 12647-2, kinaruhusu rangi zilizojaa ziachane na lengo kwa hadi vipimo 5 vya tofauti ya rangi (delta E), na jicho lililozoea linaona tofauti hiyo zikiwekwa pamoja. Na usimwahidi kufanana na simu yake. Kitu unachoweza kumwahidi ni kufanana na karatasi aliyoisaini, kwa kazi ya aina ile ile. Karatasi hiyo itunze kwenye bahasha gizani; ukiibandika ukutani jua litaila, na mwakani utakuwa unalinganisha na rangi iliyopauka.

Kuna njia moja ambayo hukuiuliza, na mimi ningeifikiria kama kikundi kinaendelea kukua. Nembo yako ina rangi mbili tu. Kwa vitabu vya risiti, barua na bahasha, nenda kwa mwenye ofseti, mwambie unataka rangi mbili maalumu za kuchanganywa kwa fomula ya Pantone, mfumo ambao umekuwepo tangu 1963. Hapo bluu haitengenezwi kwa vidoti. Ni wino wa bluu kwenye ndoo, na chungwa ni wino wa chungwa. Zambarau haina pa kuingilia. Rangi nyingi za chungwa kali, ile Orange 021 kwa mfano, CMYK haizifikii kabisa, lakini wino maalumu unazifikia. Kazi ya rangi mbili inaweza hata kushuka bei kuliko ya rangi nne ukichapa nyingi. Ila chagua kwenye kitabu cha sampuli chenyewe, na kiwe si cha zamani, maana navyo vinapauka. Usichague kwenye skrini, na usitarajie mashine ya tona itii jina la Pantone. Yenyewe itaigiza kwa rangi zake nne.

Wiki hii fanya mawili tu: vidoti kwa simu, na ukurasa wa ngazi kwenye duka la kadi. Ukikwama, tafadhali usinipigie kadi picha ukaituma. Kamera itarekebisha rangi kwa hisani yake na mimi nitakupa ushauri wa rangi ambayo haipo. Weka kadi ya kwanza, ya pili na ukurasa wa ngazi kwenye bahasha, mpe kondakta wa basi la Dar, nami nitavitazama barazani kwangu saa nne asubuhi.